Nasari Sita za Mlimani

Mzee Nassor Hemedi hakuwa mtu wa kuachia neno lipite hivi hivi. Ukimwambia leo kuna joto, atakwambia si joto, ni unyevu. Ukimwambia umetoka hospitali kuangaliwa moyo, atakuuliza huo moyo umeonekana una rangi gani, maana moyo hupimwa, hauangaliwi. Skuli alisoma madarasa manane Unguja, kisha akaja Dubai angali kijana, akasimamia upakiaji wa mizigo kwenye gati za Deira mpaka magoti yalipomsaliti. Yote mengine alijisomesha mwenyewe, kwa magazeti yaliyokuja yamefungiwa vyombo vya udongo na kwa kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada, iliyoanzia herufi ya D. Mtu aliyejisomesha mwenyewe ana balaa moja: hana mwalimu wa kumwambia amekosea, ila anaye mwalimu wa kumsifu, na mwalimu huyo huvaa kanzu yake na kulala kitandani mwake.

Uzee ulimkuta Al Twar, katika nyumba ya binti yake Rukiya na mkwewe Mubin, Mmombasa mpole aliyekuwa akiuza nguo za watoto kwa jumla kule Naif. Ilikuwa nyumba nzuri. Mlango wake ulifunguliwa kwa kubonyeza namba, na Mzee Nassor alizisahau namba hizo mara kwa mara, akabaki kibarazani kama mtu aliyeleta maji ya kunywa, mpaka Rispah, yaya wa nyumba, amsikie akigombana na mlango. Hapo ndipo alipokuwa akiukumbuka uchochoro wa Naif walikokaa zamani na jirani zao Waunguja. Milango ilikuwa mapazia. Rukiya alitoweka baada ya chai ya asubuhi, akarudi magharibi amekogeshwa, ameshiba, amesukwa nywele, na hakuna aliyejua kwa hakika ni mikono ya nani imemsuka. Hakuna aliyekaa kikao kuchagua nani amlee. Watoto walikuwa wanalelewa tu, kama vile nguo zinavyokauka juani.

Sasa mjukuu wake Fairuz, wa miaka minne kasoro miezi, alikuwa na yaya, kiti cha gari, chupa ya maji yenye jina lake na daktari wa meno.

Mwaka huo, elfu mbili na kumi na saba, Jojia ilikuwa imekuwa safari ya kila mkaazi wa Dubai. Visa hapana, ndege saa tatu na ushei, ukishuka theluji hii hapa. Siku moja baada ya chakula cha mchana Rukiya akavuta kiti karibu na baba yake.

"Baba, mwezi wa pili tunataka kwenda Jojia, kuteleza kwenye theluji."

"Watu wenye akili wakiona utelezi huzunguka upande wa pili."

"Ni mchezo, Baba. Unavaa mbao miguuni, unafundishwa. Sasa Rispah atakuwa kwao likizo, kwa hiyo tunataka hoteli ya kifamilia, yenye huduma nzuri ya kuangalia watoto."

"Mtoto haangaliwi. Runinga ndiyo huangaliwa. Mtoto hulelewa."

"Haya, ya kulea watoto. Mimi na Mubin asubuhi yote tutakuwa tunajifunza, lazima Fairuz awe na mtu. Na wewe ndiye msomaji hapa nyumbani, hebu tuchagulie."

Lazima awe na mtu. Mzee Nassor akajitazama. Alijiona ni mtu. Mikono miwili, macho mawili yenye miwani, na kila alasiri mtoto huyo huyo hukaa miguuni pake akimsimulia habari za paka wa jirani. Akangoja binti yake aendelee na sentensi. Rukiya akaendelea.

"Wewe baridi ile itakuua, Baba. Utabaki hapa upumzike. Rispah atakuachia chakula kwenye friza."

Alikuwa amepumzika miaka sita mfululizo na kupumzika kulikuwa kumemchosha kuliko magunia ya mchele. Angeweza kusema pale pale, "Nichukueni mimi nimlee." Maneno matatu, hayana hata moja la kamusi. Lakini yeye alikuwa wa kizazi ambacho mzee huombwa. Mzee hapeleki maombi ya kazi. Basi akasema "Inshallah," akachukua tableti ya Mubin akaingia nayo chumbani, na humo ndani akapanga hila ambayo aliiona ya kibingwa. Atazisoma hoteli zote. Atazikataa hoteli zote. Mwisho, hoteli zikishawaishia, watakuja wenyewe mpaka kwenye kiti chake kumwomba.

Kwa wiki mbili nyumba ilipata tabu. Hoteli ya kwanza ilikuwa ya Waustria, ina walezi wenye vyeti.

"Vyeti vya nini?" akauliza Mzee Nassor. "Mlezi mwenye cheti ni mtu aliyeajiriwa kumpenda mwanao mpaka saa kumi alasiri. Ikifika saa kumi na dakika moja ni mgeni wenu."

Nyingine ilikuwa nzuri mno, hata yeye mwenyewe alikuwa anahangaika kuipatia ila, mpaka alipoiona picha ya mbwa. Mbwa alikuwa mkubwa, mweupe, amelala mbele ya mlango wa chumba cha watoto na ulimi nje. "Mbwa huyu analala wapi?" aliuliza, na swali hilo likajadiliwa siku mbili. Ya tatu walezi wake walisema Kirusi, na Fairuz angerudi akimwamkia babu yake Kirusi. Kiswahili chenyewe amebaki nacho kiganja kimoja, na hicho kiganja ni hapa miguuni pangu, alisema Mzee Nassor, kisha akajuta, maana alikuwa amekaribia mno kusema ukweli.

"Mzee," alisema Mubin kwa adabu, "kuna hoteli yoyote duniani unayoipenda?"

"Mimi sikuumba dunia, Mubin. Mimi nasoma tu."

Alhamisi moja alipanda basi mpaka Naif, kwenye mkahawa wa chai ya karaki ambako alikutana na Abdulbasit, mzee mwenzake wa Lamu waliyepakia naye mizigo zamani. Mkahawa wenyewe ulikuwa umebadilisha viti vya mbao kwa viti vya plastiki, na Mzee Nassor hakuwahi kuusamehe. Abdulbasit alimwona tangu mbali.

"Nassor! Nasikia unatafuta nasari."

"Namtafutia mjukuu."

"Ndivyo mnavyosema nyote. Siku ya kwanza usilie, bwana. Ukilia watampigia mama yako simu."

"Kunywa chai yako."

"Na ukitaka kwenda choo, unyooshe kidole." Abdulbasit akavuta chai, akamtazama rafiki yake vizuri. "Wewe si unataka kwenda huko pamoja nao?"

"Nani kasema?"

"Uso wako."

"Uso wangu una sukari. Usiusikilize."

"Waambie umtunze wewe huyo mtoto, mambo yaishe. Khalas."

"Wao hawakuniuliza. Wameniambia nibaki na chakula cha friza."

"Basi kaa na heshima yako huko Al Twar. Mtakula pamoja hicho chakula cha friza."

Mzee Nassor alirudi nyumbani amekasirika, na kwa hasira akafungua tableti kutafuta hoteli nyingine ya kuikataa. Hapo ndipo alipokutana na Tetri.

Tetri ilikuwa hoteli ya mlimani, ya mawe na mbao, isiyojulikana sana. Aliisoma kwa mazoea, akitafuta mbwa. Hakuona mbwa. Badala yake akaona, kwa Kiingereza safi, neno nasari. Akasogeza miwani. Ndiyo, nasari, neno lile lile la nasari za Unguja na za Mombasa, mahali watoto wadogo wanapopelekwa asubuhi wakilia na kuchukuliwa mchana wakicheka. Na si moja. Mlima ule ulikuwa na nasari sita! Palikuwa na neno jingine limeifuata nasari, lenye maana ya mteremko, lakini hilo halikumsumbua. Alilichukua kama anwani: nasari za mteremkoni, kama mtu anavyosema nasari ya Mkunazini au nasari ya Kikwajuni.

Kadiri alivyosoma ndivyo moyo ulivyomwenda mbio. Wiki mbili alikuwa amewaona watu wenye chumba kimoja cha watoto wakijitapa kama wamejenga chuo kikuu, na hapa wako watu wa milimani, kimya kimya, wana nasari sita! Hila yake ikayeyuka yote. Mwanachuoni aliyemo ndani ya kanzu akasimama, akajipanguza, akatoka nje kwenda kutangaza.

"Sita?" alishangaa Rukiya. "Za nini zote hizo?"

"Kwa umri, nadhani. Watoto hawachanganywi ovyo. Moja ina taa, iko wazi mpaka usiku."

"Nasari mpaka usiku?"

"Kwa wazazi wanaochelewa. Watu wamefikiria, Rukiya. Na mbili zina zulia. Zulia la mita mia."

Mubin, ambaye alijua kidogo habari za vitambaa na mazulia, alinyanyua kichwa. "Zulia la mita mia, Mzee?"

"Watoto wengi," akasema Mzee Nassor.

Nani angebishana naye? Alikuwa amekataa hoteli za Waustria. Mubin alichukua tableti akalipia vyumba papo hapo, kabla mkwewe hajabadilisha nia, na ni pale kidole cha Mubin kilipoondoka kwenye kioo ndipo Mzee Nassor alipokumbuka kwamba alikuwa na mpango. Alikuwa amejifungia mlango mwenyewe, na safari hii mlango haukuwa hata na namba za kubonyeza. Fairuz atakwenda kwenye nasari zake sita, na yeye atakwenda kwenye friza.

Rispah aliondoka kwenda kwao. Ijumaa iliyofuata, Mubin akaona afadhali wajaribu utelezi hapa hapa kabla ya kuvunjika miguu ugenini, akawapeleka wote kwenye jumba la maduka lenye mlima wa theluji ndani yake. Mzee Nassor alikuwa na mengi ya kusema juu ya watu wanaotia theluji kwenye jangwa na kuifungia mlango isitoroke, akayasema yote garini. Lakini alikwenda. Alitaka kumwonyesha Fairuz nasari ilivyo, maana ramani ya pale nayo ilikuwa na moja.

Walivalishwa makoti mazito ya buluu na suruali za pamba, viatu kama ndoo. Aliyewapokea alikuwa kijana wa Kikenya mwenye kofia nyekundu.

"Karibuni! Naskia Kiswahili. Mimi naitwa Onesmus, wa Machakos."

"Machakos kuna theluji?" aliuliza Mzee Nassor.

"Machakos hata mvua ni ya kuomba, Mzee."

Ndani ilikuwa baridi ya friji la nyama. Rukiya na Mubin wakashikana mikono wakicheka kama wachumba. Mzee Nassor akamshika Fairuz mkono, akaonyesha kibao chenye mshale. Neno lilikuwa lile lile, nasari, na la pili yake lile lile.

"Twende, mama, nikuonyeshe. Huko kwenye safari utakuwa na sita kama hii."

Wakafuata mshale. Mzee Nassor alitarajia mlango, labda wenye picha ya sungura, na sauti za watoto. Mshale ukawafikisha kwenye kilima kifupi cha theluji. Hapakuwa na mlango. Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Palikuwa na mtu mzima mwenye ndevu amelala chali, mbao zake zimeelekea darini, akimtukana rafiki yake kwa Kiarabu. Rafiki mwenyewe alikuwa anakuja kinyumenyume. Pembeni kulikuwa na mkanda mpana mweusi unaotembea juu ya theluji, na watu wazima wamesimama juu yake mstarini, wanapandishwa kilimani kama masanduku ya uwanja wa ndege. Pameandikwa kwamba hilo ni zulia.

Mzee Nassor akalitazama zulia. Zulia likaendelea kutembea.

"Babu," akasema Fairuz, "watoto wako wapi?"

Onesmus, aliyekuwa akimwinua yule mwenye ndevu, akamjibu yeye. "Hapa watoto ndio hawa, mrembo. Wote wanajifunza kusimama. Wakishajua kusimama tunawapeleka mlima mkubwa."

Mtu anaweza kujua maneno elfu ishirini, yote kuanzia herufi ya D, na neno moja likamvua nguo mbele ya watu. Nasari sita zilikuwa vilima sita vya watu kuanguka. Ile yenye taa usiku ilikuwa ya kuanguka usiku. Na yeye alikuwa amesema, kwa sauti ya mtu mwenye dunia yake mkononi, "Watoto wengi."

Alifikiri kunyamaza. Angeweza, na wangegundua wakishafika huko, yeye akiwa mbali. Lakini akamwona Fairuz amesimama kwenye ukumbi wa hoteli asubuhi, amevaa koti, mama na baba wanatazamana, hakuna wa kumwachia. Aibu ikaonekana ndogo kidogo.

Aliwangoja kwenye mkahawa ulio nyuma ya kioo, na walipokuja, nyuso zimeiva kwa baridi na kucheka, akasema kabla hawajaagiza kitu.

"Rukiya. Zile nasari si nasari."

"Vipi?"

"Ni vilima. Vya wanaojifunza."

Rukiya akatazama kioo, akamwona yule mwenye ndevu anaanguka tena, akatazama baba yake. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea meza. "Na zulia?" akauliza akipangusa machozi. "Baba, na zulia?"

"Linatembea," alisema Mzee Nassor.

Kisha kicheko kikakatika. "Sasa Fairuz atakaa na nani?"

Mubin akapiga simu Tetri pale pale, Rukiya akaagiza chai na chokoleti ya moto. Aliongea, akasikiliza sana, akashukuru, akakata.

"Nasari hawana kabisa. Ila wanasema yupo mama yake mpishi. Watoto wa wageni hushinda naye jikoni. Anawapa mkate, anawaimbia, wakisinzia anawalaza. Hana cheti, wameniomba radhi kwa hilo."

Uso wa Rukiya ukang'aa. "Baba! Si ndiye huyo? Si ndiye unayemsema kila siku Mungu aliyoleta, mama wa jikoni, mlango wazi, hakuna cheti? Wamebaki, na umewapata wewe!"

Ilikuwa kweli. Uchochoro wake wote wa Naif alikuwa ameukuta mlimani Jojia, mzima, na jiko linawaka. Mzee Nassor akahisi wivu.

"Hatumjui," akasema.

"Zamani ulikuwa unawajua?"

"Jikoni kuna moto. Mafuta ya moto. Ana umri gani huyo?"

"Wamesema sabini," Mubin akajibu.

"Mzee mno! Mtoto wa miaka minne anakimbia. Atamkimbiliaje?"

"Baba, wewe una sabini na mbili."

Nyuma ya kioo Onesmus alikuwa anampigia mtu makofi kwa kusimama. Mzee Nassor alitafuta sababu nyingine, akakosa. Akatafuta neno la adabu litakaloficha lile alilokuwa nalo, nalo akalikosa. Likabaki lenyewe.

"Nataka nimlee mimi," akasema. "Hiyo wiki. Nikae naye mimi."

Rukiya aliweka kikombe chini. "Unataka kuja?"

"Sitaki kuja popote. Baridi hiyo ni ya wanyama. Nataka kukaa na Fairuz."

"Mbona hukusema tangu siku ile?"

"Hamkuniuliza."

"Baba! Wewe unatoa rai juu ya chumvi ya chakula cha jirani. Umewakosoa Waustria, hawakukuuliza. Hili moja ndilo ungoje kuulizwa?"

"Mimi nilitaka kumuuliza," alisema Mubin polepole, "nikaogopa nitasema 'kuangalia'."

Rukiya hakucheka. Alikuwa anamtazama baba yake kwa namna ambayo hakuipenda, namna ya mtu anayehesabu mikono yake miwili kwa mara ya kwanza. "Umewahi kumwogesha mtoto, Baba?"

"Nimeona wakiogeshwa."

"Kumlisha?"

"Ananipa mimi biskuti zake kila siku."

"Hiyo ni yeye anakulisha wewe."

Fairuz, aliyekuwa akilamba povu la chokoleti ya moto, alishuka kitini akasimama baina ya meza na goti la babu yake. "Choo," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hatasema mara mbili.

Rukiya akanyanyuka nusu, kwa mazoea. Kisha akarudi akakaa. Akachukua kikombe chake kwa mikono miwili, akaanza kunywa chai taratibu, akitazama theluji.

Mzee Nassor akasimama. Alikuwa bado amevaa lile koti la buluu na vile viatu vya ndoo, na alipomshika mtoto mkono walitoka kwa kishindo kama askari wawili waliopotea vita. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango wenye picha ya suruali na mlango wenye picha ya gauni. Akasita. Kule hawezi kuingia yeye. Huku hataki aingie mtoto. Uchochoroni mwanamke yeyote anayepita angemchukua Fairuz mkononi mwake bila kuulizwa. Hapa alipita mwanamke mmoja anaongea na simu, akawakwepa.

"Babu, haraka."

Ndipo akauona mlango wa tatu, mdogo, wenye picha ya mtu mzima amemshika mtoto mkono. Siku nyingine angesimama pale akauliza ni lini choo kilianza kuwa na makundi matatu, na nani aliyetoa kibali. Akausukuma kwa bega. Ndani akapiga goti bovu kwenye sakafu yenye maji, akaanza kutafuta zipu ya ile suruali ya pamba, mbele, ubavuni, nyuma, huku Fairuz akirukaruka, amejishikilia kwenye masikio mawili ya babu yake asianguke.